Pumzi ya Mikoko

Ghuba ya Gazi iko Kwale, kilomita 50 hivi kusini mwa Mombasa. Upande wa bara kuna msitu wa mikoko, upande wa bahari kuu kuna mwamba wa matumbawe, na katikati yake kuna kilomita chache za maji ya kina kifupi ambayo chini yake zimetanda nyasi za bahari. Mgeni akizikuta zimetupwa ufukweni, zimekauka na kugeuka rangi ya kahawia, huziita mwani na kupita. Lakini mwani hauna mizizi wala hautoi maua. Nyasi hizi zina vyote viwili, na mbegu pia, kwa kuwa ni uzao wa mimea ya nchi kavu iliyorudi baharini zamani mno. Pwani ya Kenya ina aina 12 hivi za nyasi hizo. Inayotawala Gazi ni Thalassodendron ciliatum. Shina lake ni gumu, lina pingili na husimama wima, na kileleni hubeba kichala cha majani marefu membamba ambayo ncha zake zina vijino vidogo. Hushika mchangani, na hushika hata kwenye jiwe la matumbawe. Ndiyo maana unaikuta karibu na mwamba palipo na maji maangavu na mawimbi, kisha unaikuta tena ndani, karibu na mikoko, palipo na tope na utulivu.

Mwaka 1994 Hemminga, Slim, Kazungu na wenzao walichapisha matokeo ya kupima kaboni katika majani ya aina hiyo moja ya nyasi, kutoka mwambani hadi mikokoni. Majani ya karibu na mwamba yalitoa kiasi cha -11, kwa kipimo nitakachokieleza hapa chini. Ya karibu na mikoko yalitoa karibu -20. Mikoko yenyewe ilitoa wastani wa -27, na haikutofautiana sana mti kwa mti. Yaani aina moja ya nyasi, ndani ya ghuba moja, ilikuwa imesafiri zaidi ya nusu ya njia ya kutoka kuwa nyasi hadi kuwa mti.

Nimezirudia namba hizo mara nyingi na bado zinanishughulisha. Tumezoea kuzichukua namba za namna hii kuwa ni kitambulisho cha mmea: huyu ni mkoko, huyu ni nyasi, huyu ni mwani, weka kwenye mizani tujue nani ni nani. Kumbe kwa mmea ulio chini ya maji namba hiyo inaeleza zaidi mmea ulisimama wapi, katika maji gani, na ulikuwa na haraka kiasi gani.

Kaboni, iliyo kwenye mkaa na sukari na nyama ya miili yetu, haina uzito mmoja. Katika kila atomu 100, karibu 99 zina uzito wa 12, na moja na ushei ina uzito wa 13 kwa kuwa kiini chake kina nyutroni moja ya ziada. Hizi ndizo isotopu mbili za kaboni zisizooza. Ile ya 14, ambayo wanaakiolojia hukadiria kwayo umri wa vitu, huoza na kupotea. Hizi mbili zilivyo leo ndivyo zitakavyokuwa. Kikemia hufanya kazi zile zile. Ila ile nyepesi hutembea kwa kasi zaidi kidogo, na hushikana na vitu vingine upesi zaidi kidogo, na huo udogo ukirudiwa mara milioni na milioni ndani ya jani huacha alama inayopimika.

Alama hiyo huandikwa kwa sehemu za elfu, ikilinganishwa na jiwe moja. Jiwe lenyewe lilikuwa kisukuku cha mnyama wa bahari aliyekwisha kutoweka, jamaa wa mbali wa ngisi, kutoka tabaka za Peedee huko South Carolina, Marekani. Watafiti wa Chicago waliokuwa na Harold Urey walilifanya sifuri ya kupimia kaboni, maabara za dunia zikafuata, na baada ya miaka unga wake ukaisha. Siku hizi kipimo kinashikiliwa na mawe mengine yaliyolinganishwa nalo, chini ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lililoko Vienna. Kwa hiyo tukisema jani lina -11, maana yake ni kwamba uwiano wa kaboni nzito ndani yake umepungua kwa sehemu 11 katika kila elfu kuliko ule wa jamaa wa ngisi ambaye unga wake haupo tena. Habari hii haimsaidii mtu anayepima nyasi, ila naipenda.

Mmea hutengeneza sukari kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho rubisko, na kimeng'enya hicho kina upendeleo. Kikiwa na gesi ya kutosha mbele yake, huchukua nyepesi na kuiacha nzito, na upendeleo huo ukiachiwa kabisa hufika karibu sehemu 29 kwa elfu. Ni kama mchuuzi wa samaki: akiwa dikoni wakati wa kaskazi, vyombo vimerudi vimejaa, huchambua: huyu mdogo mno, yule macho yamefifia, nipe huyo wa chini. Kusi likivuma, bahari imechafuka na vyombo viwili tu ndivyo vilivyotoka, mchuuzi yule yule hachagui tena, anabeba kilichopo. Ukikifunua kikapu chake huko nyumbani utadhani ni mtu mwingine mwenye ladha nyingine, na ladha haijabadilika hata kidogo.

Chini ya maji, kusi halikomi. Gesi ya kaboni dioksidi husambaa majini polepole kuliko hewani kwa takribani mara 10,000. Juu ya kila jani lililozama pana utando wa maji yasiyotembea, unene wake sehemu tu ya milimita, na kila chembe ya gesi sharti ipenye hapo kabla ya kuifikia seli. Jua likiwaka, rubisko humaliza kilichomo ndani upesi kuliko kinavyoingia. Nyepesi zikipungua, nzito nazo zinachukuliwa. Katika mito hali hii huonekana wazi: mmea uliozama kwenye mkondo wa kasi huelekea kuwa mwepesi kwa kaboni kuliko ndugu yake aliye kwenye maji yaliyotuama, kwa sababu mkondo unaukondesha ule utando na gesi inapita bila foleni.

Hilo liliwahi kuwachanganya watu wazima na shahada zao. Mwaka 1971 Bruce Smith na Samuel Epstein walionyesha kwamba mimea mikubwa hugawanyika makundi mawili kwa kaboni yake: upande mmoja mpunga, maharage, mwembe na miti karibu yote, wenye namba za chini, upande mwingine mahindi, mtama na muwa, zenye namba za juu, kwa kuwa zina njia nyingine ya kuikamata gesi kabla ya kuifikisha kwa rubisko. Nyasi za bahari zikipimwa, nyingi hukaa karibu na -10 au -11, pale pale kwenye mahindi. Basi katika miaka iliyofuata wakatokea waliosema kuwa nazo ni za kundi la mahindi. Baadaye kemia ya majani yake ikachunguzwa kwa njia nyingine, na kwa sehemu kubwa ikaonekana ni ya kundi la mpunga. Namba zilikuwa zinasema juu ya njaa, watu wakasikia ukoo.

Njaa yenyewe ina sura nyingi. Kaboni iliyoyeyuka baharini kwa sehemu kubwa haiko katika hali ya gesi. Iko katika hali ya bikaboneti, ambayo ni nzito kuliko gesi iliyoyeyuka kwa sehemu 9 hivi. Nyasi nyingi za bahari zinaweza kuitumia, kila aina kwa kadiri yake, na inayoitumia sana huwa nzito tangu mwanzo. Kisha kuna mwanga. Lee Cooper na Michael DeNiro walipima Posidonia oceanica ya Mediterania, wakachapisha mwaka 1989 kwamba jani lililotoka kina kirefu ni jepesi kuliko lililotoka karibu na uso wa maji. Gizani jani halina haraka. Gesi inaingia kwa kasi yake ya siku zote na rubisko inapata muda wa kuchagua. Kisha kuna umbo. Aina za Syringodium, zenye majani ya mviringo na mirija ya hewa ndani yake, huwa miongoni mwa nzito kuliko zote. Ukizichukua nyasi za bahari za dunia nzima, kama walivyofanya Hemminga na Mateo katika mapitio yao ya mwaka 1996, unapata namba zilizotawanyika kutoka karibu -3 hadi -23. Ni mtawanyiko mkubwa kwa kikundi kidogo cha mimea ambacho vitabu vya shule hukipa sentensi mbili.

Sasa weka mikoko kando yake. Mkoko, mkandaa, mchu na mlilana imesimama katika maji yale yale, tope lile lile, chumvi ile ile. Lakini majani yake yako juu, yanavuta hewa inayovutwa na mnazi wa kijijini. Hewa imekwisha kuchanganywa na upepo, na ya Gazi haitofautiani sana na ya Lamu. Maji hayana usawa huo. Kijito kimoja na kinachofuata, maji ya kujaa na maji ya kupwa, asubuhi na alasiri, kila kimoja kina kaboni yake. Ziwani ni vivyo hivyo. Kwenye kingo za Ziwa Victoria mafunjo na gugumaji huota bega kwa bega, na kwa kuwa yote mawili yanavuta hewa, huhitaji wasiwasi kuyatofautisha: mafunjo ni ya kundi la mahindi, gugumaji ni la kundi la mpunga, na kila moja linakaa mahali pake. Tatizo huanza kwa mimea iliyo chini yake, iliyozama kabisa. Hapo huwezi kusema namba ya mmea mpaka umeuliza habari za maji.

Basi turudi Gazi tuulize kwa nini nyasi zinakuwa nyepesi kadiri zinavyoisogelea mikoko.

Jibu la kwanza ndilo linalonivutia. Majani ya mkandaa huanguka, kaa huyaburuta mashimoni, mengine huozea kwenye tope. Bakteria huyala na kutoa kaboni dioksidi yenye wepesi ule ule wa mti, karibu -27. Maji yakijaa huingia mpaka ndani ya msitu, hukaa, hupenya kwenye mashimo ya kaa, na yakianza kupwa hutoka na gesi hiyo kupitia vijito. Maji ya bahari kuu kaboni yake iliyoyeyuka iko karibu na sifuri. Yakichanganyika na haya ya msituni yanateremka. Nyasi zilizo mlangoni mwa kijito zinapata mchanganyiko huo kila siku, mara mbili kwa siku. Zinavuta pumzi ya mikoko.

Jibu la pili halina mvuto huo, na huenda nalo ni la kweli vile vile. Mito ya Kidogoweni na Mkurumuji huingia katika ghuba hii. Huleta maji baridi ambayo kaboni yake ni nyepesi kuliko ya bahari, na huleta tope. Tope hukata mwanga. Jani lenye mwanga kidogo halina haraka, na jani lisilo na haraka huchagua, na likichagua huwa jepesi. Kwa hiyo hata kama mikoko isingekuwa inapumua chochote, nyasi za ndani zingeweza kuwa nyepesi kuliko za mwambani. Sababu hizo zote zinavuta kamba upande mmoja. Namba ya jani peke yake haiwezi kukuambia nani amevuta kiasi gani.

Chukua lile jani la -20, mpe mtu asiyejua limetoka wapi. Mwambie katika ghuba hii kuna vyanzo viwili tu vya kaboni: nyasi, -11, na mikoko, -27. Atapiga hesabu ya shule ya msingi. Kutoka -11 hadi -27 ni hatua 16. Kitu hiki kimeteremka hatua 9. Basi asilimia 56 yake ni mkoko. Na mbele yake, mezani, liko jani zima la nyasi na vijino vyake kwenye ncha.

Utasema amekosea, na kwa jani lile amekosea. Lakini fuata atomu moja. Ilikuwa hewani, mkandaa ukaivuta, ikawa sehemu ya jani la mti. Jani likaanguka, likaburutwa, likaliwa na bakteria. Ikatoka tena kama gesi, safari hii majini, ikabebwa na maji ya kupwa na kuvutwa na nyasi. Ni ya nani? Mtu anayetaka kujua pono amekula nini atasema ni ya nyasi, kwa kuwa nyasi ndiyo iliyotumia jua kuijenga kuwa chakula. Mtu anayetaka kujua ni nani aliyeiondoa kaboni hewani atasema ni ya mkandaa. Nyasi iliidaka tu ilipokuwa inarudi. Wote wawili wana haki, na wote wawili wameshika namba moja. Hesabu ya asilimia 56 haikuwa na mahali pa kuandika tofauti hiyo.

Tazama pia jinsi namba hiyo inavyopatikana, kwani mpaka ifike kwenye karatasi imepita mikononi mwa watu. Jani la Thalassodendron lililokomaa halitoki majini likiwa safi. Limegandwa na ukoko mweupe wa mwani wenye chokaa, vijumba vya minyoo, na utelezi wa viumbe wadogo. Chokaa ina kaboni iliyo karibu na sifuri, hivyo ikibaki hata kidogo jani litaonekana zito kuliko lilivyo. Mtu huketi na wembe akakwangua, upande huu na upande ule, bila kulichuna jani lenyewe. Kisha hutia tone la asidi. Likitoa mapovu, chokaa bado ipo. Huoshwa, hukaushwa katika tanuri la joto la nyuzi 60 hivi, husagwa kuwa unga wa kijani kibichi kilichofifia, na kiasi cha miligramu moja tu hupimwa ndani ya kikopo cha bati kidogo kama punje ya dengu, kikakunjwa kwa koleo. Kikopo kinadondoshwa kwenye tanuru la joto la kama nyuzi 1,000. Jani linakuwa gesi. Gesi inatiwa chaji ya umeme na kupitishwa mbele ya sumaku, ambayo huipinda ile ya uzito wa 44 zaidi kuliko ile ya 45, na mashine inahesabu ngapi zimeangukia wapi. Mimea mingi ya bahari iliyozua ubishi katika majarida huenda ilihitaji wembe zaidi kuliko nadharia.

Na jani lipi? Majani haya hukua kutoka chini, kwa hiyo ncha ndiyo kongwe na kitako ndicho kichanga. Ncha ilijengwa wiki kadhaa zilizopita, labda kabla ya mvua, wakati maji yalikuwa maangavu; kitako kimejengwa juzi, mito ikiwa imejaa. Ukisaga jani zima unapata wastani wa misimu. Ukikata ncha na kitako mbalimbali unaweza kupata namba mbili, zote za jani moja. Masika na kiangazi, kusi na kaskazi, vyote vina nafasi ya kuandika humo. Hata hewa iliyo juu ya yote haikai mahali pamoja: makaa na mafuta tunayochoma yametokana na viumbe wa kale, mimea kwa sehemu kubwa, wenye kaboni nyepesi, na moshi wake umeiteremsha kaboni dioksidi ya hewani kutoka karibu -6.5 kabla ya viwanda hadi chini ya -8 sasa. Bahari inaifuata polepole. Jani la mkandaa la leo ni jepesi kuliko la mkandaa wa babu yake, bila yeye kubadili chochote.

Nitrojeni nayo ina isotopu zake mbili na hadithi zake, na nitaipita kwa haraka: maji taka ya binadamu mara nyingi huifanya mimea ya majini kuwa mizito kwa nitrojeni, ilhali mbolea ya viwandani iko karibu na sifuri. Hapo pia mmea hausemi jina lake. Unasema ni mji gani unaomwaga maji karibu yake.

Kwa wanaofuatilia samaki mambo haya si ya kuzungumzia kahawani tu. Blandina Lugendo na wenzake walipowapima samaki wachanga wa Ghuba ya Chwaka, Unguja, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, walitaka kujua wanakula wapi hasa: mikokoni, kwenye matope na mchanga, au kwenye nyasi. Waliangalia pia yaliyomo tumboni, na nadhani huo ndio uungwana wa kazi hiyo, kuiuliza mashine na kulipasua tumbo. Swali la namna hiyo hujibika kwa sababu nyasi na mikoko viko mbali kwa namba. Kaboni ya mnyama hufuata ya chakula chake, ikipanda kama sehemu moja tu kwa kila hatua ya mlo, kwa hiyo changu mwenye -13 hawezi kuwa amekulia majani ya mkoko. Lakini changu mwenye -19 aliyevuliwa mlangoni mwa kijito? Anaweza kuwa amekula vitu vya mikokoni vikichanganywa na vya nyasi. Anaweza pia kuwa hakutoka nyasini hata siku moja, ila nyasi zake ni zile za ndani, nyepesi. Vitabu vikimpa mtafiti namba ya nyasi iliyopimwa kwenye mwamba wa mbali, samaki huyo atahamishwa makazi kwenye karatasi.

Hemminga na wenzake waliona jambo jingine linalochekesha kidogo ukiikumbuka imani ya siku hizo. Ilikuwa kawaida kusema kwamba mikoko hulisha bahari, kwamba majani yake hutoka na maji na kuilisha ghuba nzima mpaka mwambani. Gazi walikuta mabaki ya mikoko hayafiki mbali. Nyasi huyazuia, na athari yake hupungua kadiri unavyotoka nje. Tena maji yakijaa huja na vipande vya nyasi na kuvipeleka ndani ya mikoko. Nani anamlisha nani, basi, hutegemea saa ya maji.

Katika Gazi hii hii, tangu mwaka 2013, upo mradi wa Mikoko Pamoja. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko, kaboni inayohifadhiwa inauzwa katika soko la hiari la kimataifa, na mapato yamekwenda kwenye maji ya bomba na shule. Mikoko inahesabika kwa urahisi wa kiasi: mti unaonekana, unapimwa unene, unarudiwa mwaka ujao. Nyasi ni shughuli nyingine, kwa kuwa mali yake kubwa iko kwenye tope lililo chini yake, na tope hukusanya kila kinachopita. Baadhi ya kanuni za masoko ya kaboni zinataka kaboni iliyoletwa kutoka kwingine itolewe kwenye hesabu, ili mtu asilipwe kwa kitu ambacho kingehifadhiwa hata bila yeye. Hapo ndipo namba ya jani inapogeuka shilingi.

Tuseme, kwa mfano tu, bomba la tope limetolewa chini ya nyasi za kijitoni na kupimwa, likatoa -22. Mwenye kutumia nyasi za mwambani, -11, atasema limeteremka hatua 11 kati ya 16: karibu asilimia 69 ya kaboni hii ni ya mikoko, imeletwa, iondolewe. Mwenye kuchuma nyasi zilizoota juu ya tope hilo hilo na kupata -20 atasema limeteremka hatua 2 kati ya 7: asilimia 29 tu ndiyo ya mikoko, iliyobaki ni ya nyasi. Tope ni moja, mashine ni moja. Tofauti imetoka kwenye jani lililochumwa wapi, na kwenye jibu la lile swali la atomu: kaboni ambayo nyasi imeivuta kutoka kwenye pumzi ya mikoko ihesabiwe ya nani? Sijaona kanuni inayolijibu hilo kwa namna inayoniridhisha. Nadhani walioziandika waliwaza juu ya majani yanayoelea, hawakuwaza juu ya gesi.

Sehemu ya fumbo hili lakini inafumbulika, na haihitaji mitambo mipya. Unateka maji ya kijito mahali nyasi zilipo, chupa ijazwe mpaka juu isibaki povu la hewa, utie matone ya kloridi ya zebaki ili bakteria wasiendelee kupumua humo ndani na kuharibu ushahidi, ufunge. Ufanye hivyo maji yakijaa na yakipwa, kwenye bamvua na kwenye maji mafu, masika na kiangazi. Namba ya kaboni iliyoyeyuka katika chupa hizo ndiyo iliyoletwa na mikoko na mto. Umbali kati ya namba hiyo na ya jani ndio uchaguzi wa jani lenyewe: kivuli chake, haraka yake, utando wake. Ikiwa umbali huo ni ule ule mwambani na kijitoni, kivuli hakina kesi, na nyasi za ndani ni nyepesi kwa sababu maji yake ni mepesi. Ukiongezeka kijitoni, tope la Mkurumuji lina la kujibu. Kazi hii ni ya chupa, mashua na mtu anayejua saa za maji, na ningeifadhili kabla ya kukubali kusaini hesabu ya hekta hata moja ya nyasi.